Boksi la Chuma Katika Nyumba ya Eda

Bodi ya umeme ilianza kutoa moshi wakati mama mwenye nyumba yuko edani, na ndiyo sababu nikaitwa mimi. Sikuitwa kwa kuwa ni fundi hodari. Hakuna mtu Mji wa Kale aliyejua kama ni hodari au si hodari. Niliitwa kwa kuwa ni mwanamke.

Mumewe alikuwa amefariki muda si mrefu. Kwa mila ya nyumba ile, mjane akiwa edani hukaa ndani mpaka muda wake umalizike, huvaa nguo nyeupe zisizo na pambo, na haonani na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, yaani ndugu wa damu asiyeweza kumwoa. Na mafundi wote wa umeme waliojulikana mtaani, tangu wazee wenye miwani mpaka vijana wa pikipiki, walikuwa wanaume.

Mimi kwetu ni Kaloleni. Ni Mkristo, na wakati huo nilikuwa nimepanga chumba upande wa Makupa, nikifanya kazi na mkandarasi aliyekuwa akifunga taa katika maghala na ofisi. Cheti changu na vyeti vya wenzangu vilikuwa sawa, lakini kazi yangu nyingi ilikuwa kushika ngazi wengine wakipanda. Siku moja tulikuwa katika ofisi ya watu wa kutoa mizigo bandarini, na kwa bahati mwenzangu alikuwa anaumwa na mgongo, kwa hiyo nikapanda mimi. Niliposhuka nilimkuta karani mmoja, msichana aliyejifunga mtandio wa kijivu, amesimama ananingoja.

"Samahani dada," akasema. "Wewe ni fundi, ama ni msaidizi wa fundi?"

"Ni fundi."

"Bodi ya nyumba waweza kuibadilisha peke yako?"

Bodi nilikuwa nimewahi kubadilisha, lakini kila mara pana mtu nyuma yangu ananiambia ngoja, usiguse. Nikamtazama yule msichana. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala vizuri.

"Naweza," nikamwambia.

Ndipo akanieleza habari za mamake.

Jumamosi nikaenda. Nyumba ilikuwa ndani kabisa ya vichochoro, ya ghorofa mbili, kuta zake za mawe ya matumbawe nene kiasi kwamba nje jua likichoma, ndani unasikia baridi ya chokaa. Nilipiga hodi, yule binti akanifungulia, na mamake akatokea kwenye mlango wa chumba cha ndani akiwa amevaa nyeupe tupu.

"Nashikamoo, bi mkubwa. Makiwa."

"Marahaba, mwanangu. Tunayo. Ndoo ndani, ndoo." Akanikagua kuanzia buti mpaka mkoba wa vyombo. "Kumbe ni weye. Mimi nilidhani nitaletewa mwanamke mnene, mwenye masharubu."

Binti akashika mdomo. Mimi nikacheka kwa nguvu, kisha nikakumbuka kwamba ni nyumba ya msiba, nikanyamaza. Mama akasema, "Cheka, mwanangu. Marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa kucheka."

Bodi ilikuwa ukumbini, karibu na mlango wa kuingilia. Ilikuwa ubao mweusi uliopigwa misumari ukutani, juu yake fyuzi za kauri za zamani, mojawapo imepasuka na kuungua ukingoni. Waya za vyumbani zilikuwa zimebadilishwa miaka si mingi iliyopita na zilikuwa salama. Ubao ndio ulioachwa. Juu ya ubao, mabomba ya chuma yaliyobeba zile waya yalikuwa yanateremka kutoka darini. Na juu ya mabomba palikuwa na boriti za dari, nyeusi na kavu, ambazo moto ukizigusa zingeshika mara moja.

Niliweka kidole kwenye mdomo wa bomba moja. Kikatoka na maji.

Nikaelewa mambo yote hapo. Paa lilikuwa na ufa. Mvua ikinyesha, maji yalikuwa yanaingia ndani ya bomba, yanafuata waya kama mtu anavyofuata kamba, mpaka yanaishia kwenye fyuzi. Dawa yake ya kweli ilikuwa kuziba paa. Lakini njia ya kwenda juu ya paa inapita katikati ya ua wa ndani na mbele ya chumba cha mama, na waashi, kama mafundi wa umeme, walikuwa wanaume. Paa lingengoja eda iishe. Umeme haungeweza kungoja. Mama na binti walikuwa wakizima mein swichi kila walipoona wingu, wanakaa gizani na joto la kaskazi bila feni, na usiku wanalala kwa zamu kusikilizia harufu ya kuungua.

Kwa hiyo nilitakiwa kufunga boksi jipya chini ya mabomba yanayovuja, na maji yasiingie. Nilipoanza kulipima lile jambo kichwani, mara tukasikia sauti ya mwanamume kutoka barazani.

"Fundi ameshakuja?"

Alikuwa ndugu wa marehemu, ambaye binti alimwita ami. Alikaa nje, kwa adabu, akasema nasi kupitia mlango ulioegeshwa. Mama alimjibu akiwa nyuma ya pazia.

"Ameshakuja, shemeji."

"Mimi sikatai," akasema ami, kwa sauti ya mtu anayekataa. "Lakini nyumba ya ndugu yangu si ya kujifunzia kazi. Kaeni na taa za betri, eda ikiisha nitaleta fundi wangu, aweke boksi dogo la plastiki, safi, alizamishe ukutani. Ukuta huu ndugu yangu aliupaka chokaa kwa mkono wake."

Mama akalisogelea pazia. Baadaye binti aliniambia kwamba katika ndoa yote ya wazazi wake, mambo ya nyumba yalikuwa ya baba: fundi gani, rangi gani, bomba lipite wapi. Mama alikuwa na cherehani yake kando ya dirisha, akishona mabuibui na magauni ya maharusi, na huko hakuingiliwa na mtu. Lakini habari za ukuta hakuwahi kuulizwa.

"Shemeji," mama akasema, "anayelala chini ya boriti hizi ni mimi na mwanangu. Fundi ataanza wiki hini."

Ami akakohoa, akaondoka. Mimi nikarudi kupima mabomba.

Sasa boksi. Mama hangeweza kutoka kwenda dukani, na mimi sikutaka kumchagulia. Nilikuwa nimeona vile alivyosema "mimi na mwanangu". Nikaenda kwa muuza vifaa ninayemfahamu, nikamwomba aniazime maboksi matatu ya mfano, nikayapakia kwenye tuktuk. Tulipopita Biashara Street dereva alisimama kwa msongamano, na muuza leso mmoja akachungulia akaniuliza kama ninauza sefu za pesa. Nikamwambia nampelekea bi harusi. Sijui kwa nini nilisema vile. Nilikuwa na furaha tu.

Tukatandika mkeka ukumbini, tukayapanga. La kwanza lilikuwa la plastiki, jeupe, zuri kwa sura. La pili la chuma, dogo, lenye mlango wa kubana. La tatu la chuma vilevile, pana zaidi, limepakwa rangi nene ya kijivu iliyookwa kiwandani, ile inayoshika hata upepo wa chumvi ukivuma.

Mama akavaa miwani, akaketi chini. Alianza na la plastiki. Akaligonga kwa ukucha.

"Hili shemeji angelipenda."

"Ni jepesi na halishiki kutu," nikamwambia. "Lakini breka, ile swichi inayokata umeme, ikilegea ndani, ikaungua, plastiki yenyewe huyeyuka ikaupeleka moto juu."

Akatazama boriti. Akalisukuma lile boksi pembeni kwa nyuma ya mkono.

"Na chuma? Si kitanipiga umeme nikikigusa?"

Lilikuwa swali zuri, na nilifurahi kwamba aliliuliza. Nikamwonyesha skrubu ya shaba ndani ya boksi, mahali pa kufunga waya wa ardhi, na nyingine kwenye mlango. "Boksi la chuma bila waya wa ardhi silifungi hata nikilipwa dhahabu. Lakini likishafungwa, umeme ukikosea njia ukagusa bati, unakimbilia ardhini na breka inakata papo hapo. Mkono wako hauna habari."

Akalifungua la pili, dogo, akaingiza vidole vyake ndani. Akaingiza na vyangu, yaani alinishika mkono akauweka ndani ya boksi, vidole vyetu vikabanana.

"Waya ngapi zaingia humu?"

Nikamtajia: za taa za chini, za taa za juu, za soketi, ya jiko, ya pampu ya maji, na zile mbili kubwa zinazotoka kwenye mita.

"Basi limebana. Gauni likibana hupasukia kwapani, hata kitambaa kikiwa kizuri vipi." Akalivuta lile pana. "Hili ndilo. Na nafasi ya feni ya chumba changu ibaki."

Ndilo ambalo ningelichagua mimi, lakini sikumwambia. Lilikuwa chaguo lake, na alilichagua kwa sababu zake.

Lilikuwa na kasoro moja, na nilimweleza. Kiwandani huyatoboa maboksi nusu nusu, vijiduara ambavyo fundi huvisukuma kwa nyundo vikatoka, na waya zikapita hapo. Boksi lile lilikuwa na vijiduara upande wa juu na mgongoni tu. Chini palikuwa bati zima. Na katika nyumba hii waya zikiingia kwa juu, maji yangeingia nazo. Zikiingia kwa mgongoni, zingetokea kwenye chokaa chenye unyevu na chumvi, na mgongo wa boksi ungeliwa na kutu tusione. Nilitaka zote ziingie kwa chini. Ziteremke kutoka kwenye mabomba, zipite chini ya boksi, zijikunje kama ndoana, kisha zipande ziingie. Maji hayapandi. Yakifika kwenye ule mkunjo yangedondoka sakafuni.

"Kwa hiyo matundu ya chini utatoboa weye," akasema mama.

"Nitatoboa mimi."

"Bati ukishalikata, halishoneki."

"Halishoneki, mama."

Akanyanyuka, akaenda kwenye meza ya cherehani, akafunua kile kitambaa alichoifunikia tangu siku ya msiba. Binti akashtuka, nilimwona. Mama akarudi na karatasi ya kaki ya kukatia ruwaza, mkasi mkubwa na kipande cha chaki bapa.

"Basi tukate karatasi kwanza."

Alasiri ile nzima tulikuwa juu ya mkeka. Mama alikata karatasi sawa na tumbo la chini la boksi, tukaibandika ukutani mahali ambapo boksi lingekaa, kando ya mabomba, juu kidogo kuliko bodi ya zamani. Nyuma ya ule ubao fundi aliyebadilisha waya alikuwa amekunja urefu wa ziada, Mungu ambariki, kwa hiyo urefu wa kufanya mkunjo ulikuwepo. Binti alisimama juu ya kiti akiteremsha vipande vya uzi kutoka kwenye kila bomba, uzi mmoja kwa kila waya, na mama akavikunja akaona kila kimoja kinapandia wapi bila kupishana na mwenzake. Pale kinapogusa karatasi alitia alama kwa chaki. Mara mbili tulifuta tukaanza tena, maana uzi wa jiko ulikuwa unaukingamia ule wa taa za juu.

Zile waya mbili nene kutoka kwenye mita, mama alizitilia alama mbili, moja moja.

"Hizo hupita tundu moja," nikamwambia.

"Kwani zagombana zikitengana?"

"Chuma ndicho kinachogombana nazo. Waya za vyumbani hubeba ya kwenda na ya kurudi katika ganda moja; hizi, moja ni ya umeme kwenda, nyingine ya kurudi. Ukizitenganisha, kila moja na tundu lake, bati lililozizunguka huanza kupata joto, pole pole, hata kama kila kitu kimefungwa sawasawa. Zikipita pamoja, bati linatulia."

Akazifuta zile alama mbili, akachora tundu moja refu mfano wa tundu la kifungo. Akaliangalia kwa muda. "Zimekwenda pamoja, zirudi pamoja," akasema, kisha akaendelea kukata.

Siku ya kutoboa nilikaa uani na drili, ile karatasi imebandikwa kwenye bati. Nilitoboa kidogo kidogo, nikipaka mafuta ili bati lisiungue. Kila tundu nililipiga tupa mpaka kidole kikapita ukingoni bila kukwaruzwa, nikalipaka rangi ya zinki ili chumvi isipate pa kuanzia. Kwenye tundu refu nikazungusha ukanda wa mpira. Kwenye yale mengine nikafunga vile vikaza-waya vya plastiki ngumu, ambavyo ukivikaza huikumbatia waya na kuziba nafasi, hata sisimizi asipite. Mama alikuwa akitoka chumbani kila baada ya muda, anapitisha kidole kwenye matundu, ananitazama, anarudi. Tundu la mwisho alisema tu, "Ewaa."

Watu wa umeme walikata mkondo kule nje, kwenye mita, hawakuhitaji kuingia. Nikautoa ule ubao mweusi. Ukuta haukubomolewa hata kidogo. Boksi nililisimamisha juu ya vyuma viwili vyembamba ili hewa ipite nyuma yake, na chokaa ya marehemu ikabaki kama alivyoipaka. Kisha nikaziingiza waya, moja baada ya nyingine, na kila moja ikapanda ikaingia tundu lake kama tulivyoona kwenye uzi. Hakuna iliyokuwa fupi. Hakuna iliyopishana. Nimefunga maboksi mengi tangu siku ile, lakini hakuna ambalo lilinitii kama lile.

Mkaguzi alikuja siku iliyofuata. Mama akapanda chumba cha juu, na binti akamkaribisha. Alikuwa mtu mzima wa bara, mwenye kipara, asiye na maneno. Alifungua boksi, akazivuta waya moja moja kuona kama zimekazwa. Akachuchumaa, akaangalia chini. Akaweka mita yake ya kupimia kwenye mlango wa boksi, kwenye ubavu, kwenye bomba.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi."

"Kwa nini kila kitu kimetoka chini?"

Nikamwonyesha mdomo wa bomba na alama za maji ukutani. Akaitikia kwa kichwa pole pole, akachukua simu, akaupiga picha ule mkunjo wa waya.

"Nitawaonyesha wenzangu," akasema. Akatoka kwenda kurudisha mkondo.

Nilimtuma binti amwombe mama ashuke kabla sijawasha. Walikuwapo pia majirani, akina mama waliokuja kumtazama mjane, wameketi uani na visomo vyao. Nikamwita mama mbele ya boksi.

"Mein swichi ni hii. Iinue wewe."

"Mimi?"

"Boksi ni lako, mama."

Akaiinua kwa mikono miwili, ingawa ilitosha kidole kimoja. Taa ya ukumbi ikawaka, ya uani ikawaka, feni ya chumba cha ndani ikaanza kuzunguka, na friji ikanguruma jikoni. Jirani mmoja alifungua kinywa kupiga kigelegele, mwenzake akakiziba kwa mkono, maana vigelegele havipigwi katika nyumba ya eda. Wakabaki wanatazamana, furaha imewakaba. Ndipo bibi mmoja mzee akamswalia Mtume kwa sauti, na wote wakaitikia pamoja, wakarudia, wakarudia tena, sauti ikajaa ua mpaka juu. Mimi si wa dini yao, lakini nilisimama katikati yao na bisibisi mkononi, machozi yananitoka, na sikuona haya.

Ami hakuja siku ile. Alituma salamu tu: "Mvua ikinyesha tutaona."

Ikanyesha. Ilikuja alasiri moja bila kutangulizwa hata na upepo, ikapiga mabati ya mtaa mzima. Binti alinipigia simu. "Njoo," akasema, "na ami amekuja." Nilifika nimelowa mpaka mfupani. Taa za nyumba zilikuwa zinawaka. Hawakuzima. Mama alikuwa nyuma ya pazia la ukumbi, na ami amesimama mbele ya boksi na kofia yake imelowa, ametoa macho.

Maji yalikuwa yanashuka. Yalitoka kwenye mdomo wa bomba la katikati, yakatembea juu ya ganda la waya, yakateremka polepole mpaka chini kabisa ya ule mkunjo. Pale yalikusanyika, yakawa tone, likaning'inia, likaanguka kwenye beseni ambalo binti alikuwa ameliweka sakafuni. Halikupanda. Likaja la pili, likaanguka pale pale. Tukayatazama matone yale kama watu wanaotazama mpira.

Ami akatoa leso nyeupe mfukoni. Akapangusa juu ya boksi, akapangusa tumbo la chini kuzunguka kila tundu, akakifungua kile kilango cha mbele akapangusa ndani yake. Akaigeuza leso kwenye taa. Ilikuwa kavu.

"Shemeji," mama akauliza kutoka nyuma ya pazia, "waona nini huko?"

Ami akainua macho kwenye taa.

"Naona taa," akasema. Kisha akanigeukia. "Na ukuta wa ndugu yangu hukuugusa."

"Sikuugusa, mzee."

"Allah akuzidishie." Akaikunja leso, akaitia mfukoni. Nyuma ya pazia nilisikia mama anacheka, kicheko chake kizima, nacho ndicho nilichokuwa nikikitamani tangu siku ya kwanza.

Tangu hapo nilianza kuitwa. Jirani aliyezibwa mdomo alikuwa wa kwanza, kisha dada yake, kisha nyumba moja nyuma ya soko la Marikiti ambako kina mama peke yao walikuwa wakipika chakula cha harusi na soketi zao zilikuwa zinatoa cheche. Kabla ya mwaka kwisha nilimuaga mkandarasi wa Makupa. Ngazi nilinunua yangu, na sasa naipanda mimi.

Lakini kazi ninayoikumbuka kwa raha zaidi ni ya nyumbani kwa ami mwenyewe, mtaa wa pili. Aliniita nimbadilishie bodi, na asubuhi ile alinipokea barazani kwa heshima zote. Kisha, kwa mazoea ya miaka, akageukia ndani akapaza sauti: "Fundi anaingia!"

Ndani palikuwa kishindo. Milango ikafungwa, sufuria ikaanguka, watu wakakimbilia leso na buibui, mtoto akaitwa aondoke njiani. Nikapita kizingiti na boksi la chuma kifuani. Ukumbi ulikuwa mtupu. Jicho moja likachungulia kwenye upenyo wa mlango, likaniona, na mwenye jicho akapiga ukelele: "Alaa! Ni mwanamke mwenzetu!" Wakatoka wote, bibi, wakwe na mabinti, wengine leso zimekaa upande, wanacheka hadi wanashikana mabega, na ami barazani anauliza kuna nini huko.

Nikaliweka boksi juu ya meza yao ya chakula, nikafungua mlango wake.

"Haya," nikawaambia, "sogeeni. Kila mtu aniambie anataka nini humu ndani kabla sijatoboa."